Gari Limekwama, Nukta Inatembea

Mbinga, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri. Nina hasira, na safari hii sina wa kumrushia.

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa hapa, kwenye blogu hii, kwamba Osmundi, dereva wa lori la mbolea, ni mwizi. Tajiri wake alikuwa amenionyesha ramani kwenye kompyuta: nukta ya lori inafika kilima cha Ukata, inaacha barabara na kuteremka bondeni kuelekea ziwani kilomita tatu nzima. Akasema Osmundi anabeba mizigo ya watu wengine kwa dizeli yake. Nikaandika: "Mashine haina shangazi wala mjomba, haina sababu ya kudanganya."

Niliipenda sana sentensi hiyo.

Osmundi alisimamishwa kazi. Mimi, niliyepigana na wafanyabiashara tangu soko huria lilipotufikia, nikiwadai vielelezo kwa kila neno, safari hii sikudai chochote. Sikumuuliza hata Osmundi.

Tajiri alimleta fundi kutoka Songea, dada anayeitwa Anastazia, akague kifaa cha lorini kinachotuma nukta ile. Yeye akakataa kukagua gari likiwa limeegeshwa. Alitaka njia ile ile, mzigo ule ule, dereva yule yule. Nikaomba kiti ndani ya lori. Nakiri nilikwenda nikitumaini kumwona Osmundi akiumbuka.

Jana, pale Ukata, tulikwama mahali ambapo kila lori hukwama masika. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwenye utelezi, yakipiga kelele, gari halisogei hata hatua moja. Kina mama waliokuwa wakilima ngolo, mashimo yetu ya mteremkoni, upande wa juu wakashuka na mafungu ya majani waliyokwisha kufyeka, wakayatupa chini ya matairi. Ndivyo wanavyofanya kila mwaka, bila kuombwa.

Anastazia hakushuka. Alinigeuzia kompyuta yake.

Nukta ilikuwa inatembea.

Iliacha barabara, ikakata bondeni, ikaendelea kwenda. Osmundi akachungulia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mwalimu, shuka basi, tumeshafika ziwani. Uninunulie samaki."

Mama mmoja mwenye jembe akauliza tunacheka nini. Alipoelezwa akasema, "Kumbe mashine yenu haijawahi kusukuma gari."

Maelezo ya fundi yalikuwa mafupi. Kifaa kinasoma setilaiti, lakini pale milima imeziba anga, tena antena ilifichwa chini ya dashibodi, nyuma ya bati. Kikipotewa na setilaiti, kinahesabu mizunguko ya magurudumu na kukisia gari limefika wapi kwa kufuata mwelekeo wa mwisho. Kihisi cha kuhesabu mizunguko hiyo kilifungwa upande wa magurudumu ya nyuma, yanayosukuma. Yakizunguka bure kwenye tope, kifaa kinaandika safari.

Leo amehamisha antena juu ya kabini, na kihisi amekifunga gurudumu la mbele, ambalo halizunguki mpaka gari liende kweli. Tukarudi kwenye kilima kile kile. Tulikwama tena, majani yakaletwa tena. Nukta ikatulia barabarani, kando kidogo tu ya mahali tulipokuwa. Fundi anasema makosa ya hatua chache yatabaki. Hakuna kifaa kisichokosea kabisa.

Tajiri amemrudisha Osmundi kazini. Hakumwomba radhi. Nilikuwa tayari kumwandikia makala ya kumchoma, nikakumbuka aliyetangaza neno mwizi ni nani.

Nilimwambia Osmundi nitakanusha hapa, kwa herufi kubwa zile zile. Akafunga mlango wa lori kwanza.

"Andika, Mwalimu. Lakini mama yangu hana intaneti. Ile ya mwanzo alisomewa nje ya kanisa la Ukata, watu wakisikia."

Kwa hiyo Jumapili nitakwenda Ukata, nimsubiri mama yake pale pale baada ya misa, watu wakiwepo. Nitaanza na shikamoo.

Sijui kama ataiitikia.