Wimbo Ambao Mama Hakuufunga

Vihingo, Kisarawe
Februari 2021

Kwa dada yangu mpenzi Fadhila,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Dutumi, wewe na shemeji na wajukuu, na lile goti lako liwe limepoa. Sisi huku tunapumua. Mihogo imekubali, ila ngedere nao wamekubali kuila. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usinicheke, unajua mwenzio shule niliishia darasa la nne, na miwani yenyewe ya kuazima.

Najua utajiuliza, huyu Zuwena simu anayo, barua ya nini? Dada, nakuomba usinipigie. Yahya mwanangu aliniwekea wimbo wake kwenye simu yangu, kwamba mtu akipiga, badala ya kusikia mlio, anausikia huo wimbo mpaka nipokee. Nimemwambia autoe, anasema atautoa, na wewe unawajua vijana. Ndiyo maana barua nampa Melkiori, yule kijana wa jirani anayefanya kazi ya reli huko Soga. Kaniapia ataifikisha mkononi mwako.

Huo wimbo nadhani umeshausikia, maana nchi nzima inaucheza. Yule mwanamke anayelia mle ndani, mwanzo na katikati na mwisho, ni mama yetu. Usishtuke, kaa chini kwanza.

Unakumbuka kaka yetu Bilali alipokwenda kukata fito mwaka wa tisini akapotea, mama alisimama pale ukingoni mwa msitu akamwita kwa wimbo, kama walivyofanya bibi zetu. Mwalimu Lukasi, mtani wetu, alikuwa na redio kaseti mpya, akaurekodi. Alisema sauti kama ile haifai kupotea. Hiyo kaseti ilikaa kwenye sanduku la mama, na baada ya mama kwenye sanduku langu. Mwaka juzi Yahya aliiona, akaipeleka studio yao pale Kibaha Maili Moja.

Nikamuuliza umeufanyaje wimbo wa bibi yako. Akanieleza taratibu, maana ni mtoto mpole, kwamba hakuchukua wote. Alikata kipande kidogo tu, pale mama anaposema "Bilali ee, njia ni hii", akakiweka juu ya ngoma zao, kikawa kinajirudia. Wao wanaita sampo. Akasema, mama, si nimemheshimu bibi? Sasa anasikika mpaka Kigoma.

Dada, mimi nilichukua ungo nikaendelea na kazi. Wewe unajua nilichokuwa nafikiri. Kuna kuita na kuna kufunga. Mama alitufundisha sisi wawili: mwenye kuita lazima aufunge wimbo, aliyepotea apatikane asipatikane, kwa sababu ukiuita msitu, haitikii uliyemwita peke yake. Kaseti ina kuita tu. Na mtoto kakata kipande cha kuita kwenyewe, kinaita, kinaita, kinaita, kila baa na kila bodaboda.

Na kufunga hakupo kwenye kaseti kwa sababu mama hakufunga. Wazee walipomtaka akubali kwamba Bilali hayupo tena, alisema atamngoja mpaka miaka ya tisini iishe. Ilipoingia elfu mbili wakaja, wakamwambia Bi Mwanamkuu, imeisha, funga. Mwalimu Lukasi akadakia kwamba haijaisha, muongo unaanza na moja na kuishia na sifuri, kwa hiyo mama ana haki yake mpaka Desemba. Wazee wakamtukana, wakamwambia Mnyamwezi wewe hesabu zako kawahesabie ng'ombe. Yeye akacheka, kwake ulikuwa utani. Kwa mama haukuwa utani, alikishika kile kibali kwa mikono miwili. Masika ile ile tukamzika.

Sasa sikia yaliyotokea tena. Mwaka jana mwishoni redio moja ilitaka watu wachague wimbo bora wa muongo. Wimbo wa Yahya ulitoka mwaka huo huo wa ishirini. Basi ugomvi ukarudi humu humu barazani kwangu, mimi namenya mihogo nasikiliza. Mwalimu Lukasi, na uzee wake wote, anasema wimbo umo, maana elfu mbili na ishirini ndiyo inafunga muongo, hakuna mwaka sifuri duniani. Yahya anasema, babu, aliyezaliwa mwaka wa tisini ni wa miaka ya tisini, utamwambia yeye ni wa themanini? Mwalimu akamjibu kwamba Wazaramo kuhesabu mnahesabia ngoma, ikikolea mnasahau mlifika ngapi. Yahya akasema nyie mlikuja kwa miguu toka Tabora mkihesabu hatua, mkakosea mkafika kwetu. Wakacheka mpaka Mwalimu akakohoa. Yahya akakubali wimbo uingizwe kwa hesabu ya Mwalimu, kwa kuwa hiyo ndiyo ilimfaa.

Mimi sikucheka. Sifuri au moja, mwenzio sijui. Nilichojua ni kwamba redio itaupiga kila saa.

Aliyeanza kusikia ni Firdausi, mkewe Yahya. Alikuwa anaanika makopa ya mihogo alasiri, simu inaimba pembeni. Mama humo kwenye wimbo akasema "Bilali ee, njia ni hii", na kutoka kwenye miti mtu akasema "Naam". Firdausi akadhani mchoma mkaa. Akaja kunisimulia anacheka. Siku nyingine kwenye harusi ya jirani walifungulia spika kubwa, watu wanacheza. Waliokuwa upande wa msitu ndio walioacha kucheza. Walisimama wanatazamana, halafu wakahamisha viti vyao bila kusema kitu.

Kisha nikaona nyasi za nyuma ya jiko zimelala, kama njia inayopitwa. Inatokea msituni, inakuja mpaka kwenye jiko. Hakuna mtu wetu anayepita huko, dada. Niliimwagia majani makavu. Kesho yake yalikuwa yamekanyagwa.

Ungedhani mwanangu ataogopa. Alifurahi! Anasema huo ni mwangwi, anautafuta kwa ajili ya wimbo wa pili. Akaenda ukingoni na mashine yake mchana kweupe, akaurekodi, akaja kunisikilizisha. Wallahi nilishika mlango. Mmoja anaitika "Naam". Wengine nyuma yake wanaitika pia, wamechelewa kidogo, kama watoto wanaofuatisha kusoma wasichokielewa.

Basi Alhamisi nilipomwona anatayarisha mashine aingie ndani kabisa ya msitu, nikasema hapana. Nikajifunga khanga, nikaenda mwenyewe kufunga. Maneno ninayo, unajua. Nilisimama pale aliposimama mama, jua bado kali, nikaanza. Nilikuwa nakaribia mwisho, pale unapogeuka na kuupa msitu mgongo na hutakiwi kuitika tena hata uitwe vipi. Nikageuka. Nyuma yangu, karibu, nikasikia, "Kijungu."

Dada Fadhila, nani aliniita Kijungu hapa duniani zaidi ya Bilali? Kwa sababu ya kupenda ukoko. Hata wewe hukuwahi kuniita hivyo. Na sauti ilikuwa ya kijana, haijazeeka hata kidogo. Akasema, "Kijungu, mbona mnanifungia?"

Nikaugeukia tena msitu nikasema, "Karibu, kaka. Karibu nyumbani."

Hicho ndicho nilichokuwa nashindwa kukuandikia tangu mwanzo wa karatasi hii. Sikuona mtu. Nilirudi nyumbani kwa ile njia ya nyasi, na nilisikia nyayo nyuma yangu. Hazikuwa za mtu mmoja.

Tangu siku hiyo msitu uko kimya. Wimbo ukipigwa, jibu linatokea stoo, nyuma ya magunia, kwa sauti ya chini ya mtu mstaarabu. Naweka sahani ya chakula mlangoni. Nikirudi kuichukua, chakula kipo vile vile, ila chumvi imetoka, ukionja ni kama udongo. Na mimi, Mungu anisamehe, kuna nyakati nakaa pale nje ya stoo namsimulia habari za nyumbani, na roho yangu inatulia.

Lakini tangu juzi wameacha kungoja kuitwa. Wanaita wao. Wanamwita Yahya, kwa tuni ile ile ya mama, wanarudia rudia kile kipande tu, hawaendelei. Yeye hajasikia, kwa sababu kutwa nzima amevaa zile hedifoni anatengeneza wimbo wa pili. Nampelekea chai chumbani kwake, namwambia endelea mwanangu, usizivue. Akivua akasikia, ataitika, maana nilimlea mwenyewe kuitika akiitwa.

Mimi siwezi tena kufunga, nimeshawakaribisha kwa mdomo wangu. Umebaki wewe peke yako. Najua ulimpenda Bilali kuliko nilivyompenda mimi, ulimbeba mgongoni. Njoo hivyo hivyo. Mimi nimekwisha kumchagua mwanangu, na wewe nakuomba unichagulie vivyo hivyo, hata ukisikia sauti ya Bilali. Ukishuka barabarani usiitike jina lako la utotoni, hata kama aliyekuita anafahamika. Usibishe hodi. Simama nyuma ya jiko uanze kufunga.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote. Firdausi anakusalimu sana, Yahya anakuamkia shikamoo, na Mwalimu Lukasi anasema ukija umletee ubani wake wa mtani, hataki kufa bila kula cha Wazaramo.

Na huko stoo nao wanakusalimu. Wamekutaja kwa jina, wameuliza unafika lini. Mimi sikuwa nimewaambia kwamba nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Zuwena