Nyimbo za Eugenia Mfululizo

Dodoma, 4 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na hiyo goita haikukusumbua usiku. Sisi huku wazima wa mwili, ila roho haijatulia.

Jirani yako Selina kaniambia umekataa tena kupasuliwa. Shangazi, daktari alisema wazi kwamba goita inakandamiza koo na ipo siku utakosa pumzi. Najua unaogopa kwa sababu alisema pia sauti inaweza kupotea. Mimi naogopa kupigiwa simu asubuhi moja.

Nimezipata zile kanda za zamani, ulizoimba na bendi. Kwenye boksi wameandika jina la kiongozi, “na wenzake”. Kumbe wewe ndiye wenzake! Nimesikiliza nyimbo zako zote tisa. Kwenye “Mlango Hauna Komeo” gitaa linatangulia, wewe unachelewa makusudi, kisha unaingia taratibu kama mtu aliyekuwa akijiuliza aseme au anyamaze. Ilibidi niketi. Wanaume wale walipata sifa nchi nzima, wewe ukaishia kushona sare za shule, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Nimemtumia Machibya, mtangazaji wa redio hapo Mwanza, azipige Jumamosi mchana. Fungua redio usikilize.

Mwanao,
Kokulinda


Igombe, Ilemela, 10 Machi 2024

Mwanangu Kokulinda,

Marahaba. Naandika kwa mkono, Selina apige picha akutumie, maana goita imenikausha sauti, kwenye simu sisikiki tena. Mimi mzima, ingawa jana nusura nizikwe.

Huyo Machibya wako alipiga nyimbo zangu mfululizo bila kusema neno. Umekaa Dodoma mpaka umesahau? Hapa kwetu redio ikimpiga mwanamuziki wa zamani namna hiyo, ujue ameshafariki. Wimbo wa tatu haujaisha nikaona kina mama wa jumuiya wanapandisha mlima kati ya mawe, wamebeba kuni na unga. Teodora yuko mbele, kajifunga kanga kiunoni, analia. Aliponikuta naanika dagaa, akakaa chini.

Wakanisifu mbele ya macho yangu. Teodora alisema ni wimbo wangu uliomzuia asirudi kwa mume aliyekuwa akimpiga. Miaka yote nasali naye, hajawahi kunitamkia. Nilicheka nao, nikawapikia chai. Walipoondoka nikabaki nazitazama kuni.

Kuni wameziacha, eti zitafaa. Zitafaa lini, mwanangu? Hii ni ishara. Nikienda kwenye kisu sirudi. Hiyo Alhamisi waliyonipangia kupasuliwa siendi.

Shangazi yako,
Eugenia


Dodoma, 11 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole sana kwa msukosuko. Ningemwambia Machibya aseme uko hai, yasingetokea haya.

Kuni ni kuni tu, zipikie maharage. Selina anasema siku hizi unalala umeketi ili upate hewa. Tangu nisikie hivyo, kila simu ikiita naogopa kuipokea. Sauti yako ninayo kwenye kanda, haipotei tena. Wewe sina mwingine. Hata ukirudi bubu nitakupokea. Nenda Alhamisi, nakupigia magoti.

Mwanao,
Kokulinda


Dodoma, 14 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo ndiyo Alhamisi na simu ya Selina haipatikani tangu jana. Hapo jirani hakuna mwingine ninayemjua. Tafadhali, yeyote atakayeusoma ujumbe huu anijibu, hata kwa neno moja.

Mwanao,
Kokulinda


Mwanza, wodini, 18 Machi 2024

Mwanangu,

Nipo hai. Shingo imeshonwa kama gunia la mpunga. Msamehe Selina, simu yake ilidondoka kwenye dimbwi la mvua wakati wa kunipakia kwenye gari, na hii ni ya nesi.

Jumatano alfajiri niliamka sipati pumzi kabisa. Hapo nilisahau ishara ya kuni, nikasahau na nyimbo. Nilitaka hewa tu. Mimi mwenyewe niliwaonyesha kwa mkono wanilete.

Sasa napumua vizuri, uji unapita. Wagonjwa wenzangu wanaongea nami kwa ishara, wakidhani nimekatazwa kusema. Sijakatazwa. Daktari aliniruhusu tangu juzi, akasema nianze hata na jina langu. Sijaanza. Nikishikwa na kiu naonyesha kikombe. Nikifungua mdomo naogopa, naufunga tena.

Njoo, mwanangu. Nitajaribu ukiwa umekaa hapa, na lolote litakalotoka tulisikie wote wawili.

Shangazi yako,
Eugenia