Nilienda Kuposa Koboko, Nikaomba Kigari

Mama Nora mpendwa, nakuandikia kutoka Arua na haya imenijaa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana mimi ni mtu mzima, fundi wa saa, na nakusanya vigari vya kuchezea vya zamani, vile vya chuma, niko navyo kabati nzima na mke wangu Zuhurah amezoea, sasa kaka yangu alifariki na mtoto wake Zubeiri anataka kuoa Zam wa Koboko, basi mimi kama baba mkubwa ndiye msemaji, tukaenda kuposa, mimi, Zubeiri na dada yangu, chai ikaja, dua ikaanza, na mimi nikaona juu ya redio Land Rover ndogo ya kijani, rangi haijabanduka, magurudumu yote iko, nikashindwa, wenzangu wameinua mikono mimi nimeinua gari, nasoma maandishi ya chini, na walipouliza kilichotuleta mdomo ukasema wenyewe, "Tunaomba hii gari."

Bibi yake Zam, Hawah, akauliza, "Kwa hiyo msichana abaki?" Kumbe hiyo gari ilikuwa ya marehemu mume wake, na kwetu msemaji wa posa haombi kingine kabla ya binti, ni kumdharau, wakatuambia turudi Ijumaa wakiwa wamefikiri, na Zubeiri hasemi na mimi tena, je, niende au nitume mtu, na baada ya harusi ni vibaya kuuliza tena habari ya gari?

Sulaiti, Arua

Mzee Sulaiti, nimecheka, sikufichi, halafu nikamfikiria Zubeiri nikaacha. Kupenda vigari si kosa, wengine wanapenda pombe. Lakini hilo swali lako la mwisho, aibu! Usimuulize mtu mwingine, hata mkeo.

Ijumaa utaenda mwenyewe. Posa aiseme dada yako, wewe umeshasema ya kutosha. Kabla ya chai, mwendee Bibi Hawah, kaa chini, umwombe radhi kwa kugusa kitu cha mumewe bila ruhusa na kwa kumvunjia Zam heshima. Usitaje rangi, usitaje magurudumu. Huenda akakupa kile kigari mkononi, aone utafanya nini. Kirudishe, na usikigeuze kusoma chini.

Kisha kaa ukiipa redio mgongo. Yule kijana hana baba wa kumsemea. Siku ile alikuwa na wewe tu, nawe ulikuwa unaangalia gari. Ijumaa mwangalie yeye.