Laptop Ikipanda Ndege, Mke Hapandi

Bi Mardhiya mpendwa, assalamu alaykum. Nshike mkono mwenzio, maana n'nazunguka kama kuku anotafuta pa kutagia na siku zilobaki ni kumi na mbili tu. Jina langu lifiche, niandike "Fundi Fomu", ingawa hapa Mkoani hilo ndilo jina langu khasa, lile la kuzaliwa wanalijua mamangu na kitambulisho basi.

Mie n'na steshenari njia ya kushukia bandarini, natoa kopi, napiga picha za paspoti, nakata tiketi za boti, na khasa khasa najaza fomu za mtandaoni, za chuo, za mkopo wa chuo, za kazi, za cheti cha kuzaliwa, yaani kuoa kungekuwa na fomu ya mtandaoni basi bwana harusi angepita kwangu kabla ya kwenda kwa mkwewe. Skuli niliishia darasa la sita nkaenda kubeba mizigo ya abiria wa boti, kompyuta nkafunzwa na mwalimu mmoja nliyekuwa nambebea, kwa hivyo mtu wa darasa la sita mie nshaomba chuo kikuu mara mia tatu na nimekubaliwa karibu mara zote, udaktari, uhandisi, ualimu wa hesabu, bado urubani tu.

Sasa shida yenyewe. Shemegi yangu Talib, kaka wa mke wangu Saada, yuko Maskati mwaka wa tisa huu, na katuletea tiketi mbili na viza za siku ishirini, anasema njooni mpumzike, n'takupelekeni Salala mkaone mvua. Nkamwambia shemegi, mvua? Sie huku mvua tunaikimbia, weye unataka tupande ndege tukaitazame? Akasema huku watu wanaendesha gari kutwa nzima kuifuata, wakifika wanatandika mikeka. Nkasema haya, kila nchi na ukata wake. Lakini Bi Mardhiya nlifurahi, maana ndege sijapatapo kupanda, na kupumzika sijapatapo vilevile, nkawapigia watu simu kuwaambia nasafiri, mmoja nlikosea namba na yeye nkamwambia. Mtoto wetu Fahmi tushampangia akae kwa bibi yake Chokocho.

Ila safari inaangukia ule mwezi matokeo ya kidato cha sita yanatoka, maombi ya chuo na ya mkopo yanafunguka kwa pamoja, foleni inaanzia mlangoni kwangu mpaka kwa muuza mihogo. Nkamwambia Saada basi laptop n'taibeba, nafanya kazi kidogo alfajiri na kidogo magharibi, katikati hapo nna weye. Akasema tu, "Jumapili tunakwenda Wambaa harusini kwa khaloo, dada yake mama. Hebu iache siku moja, tuone."

Siku moja tu. Mie nkaifunga ndani ya mswala, mswala nkautia chini ya kikapu, juu mikate ya kumimina tuloichukulia wenye harusi. Tukafika, nkakaa na wanaume wenzangu kama mtu mwenye akili, pilau ikaja, simu ikalia. Mzee mmoja mwanawe kaitwa usaili wa kazi, barua ya kuitwa iko kwenye imeili na imeili iko kwangu. Nkanyanyuka nkasema nakwenda kunawa. Nkazunguka nyuma ya nyumba kwenye banda la kuku, maana pale ndipo mtandao unaposhika, nkakaa juu ya ndoo nkafungua. Hazijapita dakika kumi Saada huyo, kaja kufuata sufuria, nyuma yake wanawake sita na miko mikononi.

"Baba Fahmi, ndio unanawa huko?"

"Nanawa, ndio namalizia."

Bibi mmoja akasema, "Mwacheni mtu wa watu, labda anawajazia kuku fomu ya chuo."

"Jogoo kashakubaliwa," nkasema mie, "mitetea wasubiri awamu ya pili."

Wakacheka wote, na Saada akacheka kuwashinda, nkasema alhamdulillahi imepita hiyo.

Haikupita. Tukarudi kwetu. Tunafungua mlango ndio akasema, "Unaikumbuka fungate yetu?" Nkasema fungate gani isokumbukwa. Akasema, "Siku saba bwana harusi hatoki, hata maji analetewa. Weye ulikaa mbili. Ya tatu ukatokea mlango wa uani kwenda kumjazia mtu fomu, watu wakaambiwa unaumwa na tumbo. Mie nimekaa chumbani na hina mikononi, kila anoingia ananiuliza, tumbo lake vipi?" Nkatafuta pa kutia mzaha, sikupaona. Akasema, "Mgongo wako nauona hapa bure, kila siku umekiinamia hicho kitu. Sipandi ndege kwenda kuutazama kwenye nchi za watu. Ikipanda laptop, mie sipandi." Kaka yake hajamtia machoni miaka tisa, Bi Mardhiya, na bado kasema hivyo, paspoti yake kaifungia sandukuni na ufunguo kaufunga pembe ya kanga.

Utasema si uiache tu mwanamme weye. Hapo ndipo penye siri yangu, na hii hata Saada haijui. Watu wanaokuja kwangu wengi hawana imeili, namfungulia mie, mtandao unataka namba ya simu, yake kaiacha nyumbani au imekufa chaji, natia yangu, paswedi naitunga mie naiandika kwenye laptop, yeye anakwenda zake na karatasi yake kafurahi. Miaka saba hivyo. Watu mia mbili na ushee, wa Mkoani, wa Wambaa, wa Chokocho, milango yao yote ya mtandaoni funguo n'nazo mie, na Sheha wetu, mkubwa wa mtaa mzima, yumo. Nlianza kwa kurahisisha foleni, wallahi. Baadae nkaona kumbe mtu hata akitaka kwenda kwengine hawezi, lazima arudi kwangu, na mie nkanyamaza.

Mwaka jana nlilazwa spitali na homa siku nne, simu imezimwa. Khairiya, msichana wa Chokocho, kachaguliwa kusomea uuguzi, ile namba ya kuthibitisha nafasi yake ikaja kwenye simu yangu, siku zikapita mie nimelala na dripu. Mwaka mzima yuko nyumbani anauza vitumbua. Juzi kaja kwangu tena. "Shikamoo Fundi, safari hii inshaallah." Anadhani mtandao ulikuwa mbovu. Mie ndie nlomwambia hivyo. N'na mzaha wa kila kitu, Bi Mardhiya, wa hili sina.

Kwa hivyo nikiiacha, wataumia kina Khairiya wengine. Nikiibeba, Saada haendi. Yuko Asya, mdogo wake Saada, ana diploma ya kompyuta na hana kazi, angeweza kunikalia dukani, lakini kusema kweli Asya anajua kuliko mie, anamwelezea mtu mpaka anaelewa, sasa nikirudi nani atanitaka? Tena yuko Usama, jirani yangu, anatangulia Maskati wiki ijayo, nshamgusia aitie laptop kwenye mzigo wake, mie nikifika niwe naaga nakwenda msikitini napitia kwake nafanya kazi yangu, Saada asijue. Situlii, naifungua naifunga, naifungua naifunga, jana nimempa mteja kopi za kitambulisho cha mtu mwengine. Niibebe, niiache, au nimpe Usama?

Ni mimi, Fundi Fomu, Mkoani.

Bi Mardhiya anajibu:

Fundi Fomu, waalaykumu salaam. Nimecheka mpaka kwenye banda la kuku, nilipofika kwa yule msichana wa Chokocho nikaacha.

Tuanze na Usama, maana huyo ndiye atakayekuvunjia nyumba. Mwambie leo hii kuwa mzigo hakuna. Yaani umuage mkeo kwa jina la swala, kisha ukasujudie kioo cha laptop kwa Usama? Haya hukuyaona unapoyaandika? Mwanamke aliyekukamata juu ya ndoo hatashindwa kukukamata Maskati, na huko atakukamata mbele ya kaka yake.

Laptop haibebwi. Ulitaka jibu la mzigo wa ndege, ndilo hilo. Ila usidhani ukiiacha umemaliza, maana laptop haina kosa lolote, hiyo ni bati na nyaya. Kosa ni kuzikusanya funguo za watu mia mbili ukaziweka mfukoni kwako. Mtu wa hivyo hasafiri, wala haugui. Na siku ukifa, Mungu akuweke, nusu ya Mkoani itasimama kaburini kwako inauliza paswedi.

Unasema ulikuwa unarahisisha foleni. Mtu wa kwanza nakubali, na wa kumi nakubali. Wa mia mbili je? Umeandika mwenyewe kwa mkono wako: "nkanyamaza." Hiyo ni amana za watu, mwanangu. Hukuziiba, lakini umezikalia, na kwa kuzikalia msichana wa watu amepoteza mwaka.

Siku kumi na mbili zinakutosha ukiacha kufungua na kufunga. Kesho asubuhi bandika tangazo mlangoni, na umwombe Sheha awatangazie watu, naye mwenyewe awe wa kwanza kwenye kiti. Kila uliyemfungulia imeili aje na simu yake ikiwa na chaji. Ukae na mmoja mmoja: namba yako itoke iingie yake, paswedi aitunge yeye, aiandike kwa mkono wake kwenye karatasi yake, na wakati anaandika wewe tazama pembeni. Asiyejua kusoma aje na mtu anayemwamini. Wenye maombi ya mwaka huu wapite mbele. Wa Wambaa na Chokocho usiwaite. Wafuate, miaka saba wao ndio wanaokufuata.

Khairiya usimwingize kwenye foleni. Nenda kwao, omba kuonana naye mbele ya wazee wake, umwambie: haukuwa mtandao, ilikuwa mimi. Usitie mzaha hata wa kuvunja ukimya. Wakikutolea maneno, yasikilize yote mpaka yaishe. Ukitoka hapo, maombi yake ya mwaka huu yawe kwa namba yake mwenyewe, na usipokee hata shilingi yake.

Dukani mkalishe Asya. Mkubaliane malipo yake kabla hujaondoka, na laptop ibaki mezani kwake. Unaogopa watu watampenda. Watampenda, mbona anaeleza watu wakaelewa! Ukirudi mtakuwa wawili, na foleni inayofika kwa muuza mihogo haitashindwa kuwalisha wawili. Tena ile laini yako ya simu, ambayo bado baadhi ya namba za kuthibitisha za watu zitaingia humo, iache kwa Asya pia. Huko Talib atakupatia laini ya kupigia mama na Fahmi. Nakujua wewe: ungeacha laptop kwa heshima zote, kisha kazi yote ukaifanya kwa simu, umejifungia chooni kwa watu, na tumbo likasingiziwa mara ya pili.

Tumebaki na Saada. Usimwendee na ahadi, za kwako ameshazila za kutosha. Mwendee na hiyo siri uliyoniletea mimi, yote, na uende leo, kabla hajaisikia sokoni. Na kuna jambo moja hukuniandikia lakini nimelisoma: unaogopa kwamba siku ukikaa bila watu kukuhitaji, utabaki yule mbeba mizigo wa darasa la sita. Mwambie na hilo. Yule mbeba mizigo ndiye aliyekwenda kuposa kwao, na alikubaliwa.

Ukishasema, usimwombe ufunguo wa sanduku wala usimtume Talib akuombee. Nenda kafanye hayo niliyokwambia, ayaone kwa macho. Akilifungua mwenyewe, mnapanda boti, mnapanda ndege, mnakwenda kutandika mkeka. Na kama siku ya boti imefika hajalifungua, usithubutu kuondoka peke yako. Mpigie Talib, umwambie ukweli, tiketi nyingine Mungu ataleta. Wewe baki nyumbani siku zilezile ishirini, duka likiwa kwa Asya, ukae na mkeo umtazame usoni mpaka mwenyewe akuchoke, akwambie haya basi, hebu kafanye kazi.