Krediti Kumi na Mbili

Minnesota, 17 Septemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti hayajaanza kelele zake za baridi, na shayiri imekwisha kuingia ndani. Hapa ndipo ningeandika kwamba na mimi sijambo, maana ndivyo barua zinavyokwenda. Lakini wewe ni amchi, umewatibu watu wa milima yetu ya Lo tangu kabla sijazaliwa, na sitaki kumficha mganga wangu.

Silali, Baba. Nikipata usingizi nashtuka moyo unakwenda mbio. Wiki iliyopita nilikuwa maabara ya kemia, machozi yakaanza kunitoka bila sababu, na msichana wa meza ya pili akadhani nimerukiwa na tindikali. Alinikokota mpaka bombani akaniosha uso kwa nguvu zake zote. Sikuwa na namna ya kumwambia kwamba ni kilio tu.

Swali lako la kwanza nalijua, kwa hiyo nalijibu mapema. Mkojo wa asubuhi ni mweupe kama maji, una vipovu vikubwa vikubwa. Ulimi ni mwekundu, mkavu, unakwaruza. Mshipa wa mkono unaelea juu juu, nikiukandamiza unapotea. Haya yote niliyachunguza katika choo cha bweni nikiwa na kikombe cha plastiki, na Maribel, ninayekaa naye chumba kimoja, akanifuma. "We Kunsang, unafanya nini humu?" Nikamwambia namwandalia baba habari zangu. Tangu siku hiyo vikombe vyake anavificha.

Nina masomo manne muhula huu, kila moja krediti tatu. Maribel ni mtu wa hapa. Akiamua kuchukua mawili, hakuna wa kumuuliza. Sisi wa viza lazima tufikishe krediti kumi na mbili. Ukishuka hapo, serikali haikuhesabu tena kuwa mwanafunzi, na asiye mwanafunzi anafunga mizigo yake.

Niambie nifanye nini. Nimekukumbuka sana. Nakumbuka mpaka harufu ya mikono yako ukitoka kutwanga dawa.

Binti yako,
Kunsang

*

Lo, 2 Oktoba 2023

Mwanangu Kunsang,

Marahaba. Huku tu wazima, magoti yanalalamika lakini yananibeba. Shayiri imeingia yote. Naandika kwa kalamu kisha naipiga picha barua, kwa sababu kidole changu kimoja kinafunika herufi tatu za simu. Ukiona kivuli pembeni, hicho ni kichwa changu.

Ugonjwa wako ni upepo, na umeingia moyoni. Unaletwa na tumbo tupu, na kufikiri kupita kiasi, na kukaa mbali na watu unaowapenda. Dalili umezipanga vizuri kama nilivyokufundisha, hata nilipozisoma nilijivuna kwanza ndipo nikahuzunika. Zifuatilie. Vipovu vikiwa vikubwa, upepo bado umo, hata mgonjwa akicheka na kucheza. Vikiwa vidogo, na mkojo ukapata rangi ya siagi iliyoyeyuka, hapo umetulia.

Kunywa supu ya mifupa, tia kungumanga kidogo, kaa penye joto. Na uache somo moja. Acha hiyo kemia inayokuliza. Usinijibu habari za kanuni. Mwaka juzi nilimkataza Dolkar wa nyumba ya juu asilime, na kijiji kizima kikamlimia, hata mumewe, ambaye shamba lake mwenyewe hulilima kwa maneno. Mganga akisema mtu apumzike, mtu anapumzika. Hata watu wasiojua kusoma wanalielewa hilo, sembuse hao wa chuo kikuu.

Nimemwandikia mkuu wa chuo chako. Barua yake ni picha ya pili, ina muhuri wa babu yangu. Mpe kwa mikono miwili.

Baba yako

*

Minnesota, 20 Oktoba 2023

Baba,

Shikamoo, na pole kwa magoti. Natumaini unayapaka mafuta na si kuwapaka wengine tu.

Nimefanya kosa, Baba, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya. Barua yako iliponifikia niliacha kemia papo hapo. Mganga amesema, nami nikatii. Unabonyeza mara moja kwenye kompyuta, somo linatoka. Nikafurahi, nikatafsiri barua yako kwa mkuu wa chuo, nikazunguka nayo ofisi moja baada ya nyingine, kila mmoja akinisukumia kwa mwenzake, mpaka Jumatatu hii nikaambiwa niipeleke ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Huko yuko Mama Hedlund. Nikampa kwa mikono miwili, naye, sijui kwa nini, akaipokea kwa mikono miwili.

Akaisoma yote. "Barua nzuri hii," akasema. "Ningekuwa na daktari wa namna hii, mgongo wangu ungepona siku nyingi." Kisha akageukia kompyuta yake. "Kunsang. Mbona naona krediti tisa? Somo umeshaliacha?"

"Ndiyo, mama."

Akavua miwani. "Jamani, mtoto wewe! Unaomba ruhusa, mimi naiandika, halafu ndiyo unaacha somo. Wewe umeacha kwanza!"

"Lakini daktari alishasema."

"Daktari gani?"

"Huyo wa kwenye barua. Baba yangu."

"Ana leseni?"

Nilitaka kumwambia, Baba, kwamba wewe ni kizazi cha saba cha waganga, na kwamba watu huja kwako kwa farasi siku tatu. Sikusema. Nilisema, "Hana." Niliona aibu, na mpaka sasa sijui nilimwonea aibu nani. Nisamehe.

Anasema mgonjwa anaruhusiwa kupunguziwa masomo, hata yote, ila iwe kwa barua ya daktari mwenye leseni, na ruhusa iingie kwanza kwenye kompyuta ya serikali. Profesa wa kemia asiponirudisha darasani kufikia Jumatano ijayo, nitafutwa, na nikifutwa ni kurudi nyumbani bila shahada. "Na kidole kitakachobonyeza ni hiki changu," akasema, akakitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. Nakwenda kumpigia profesa magoti. Niwashie taa ya siagi, uniombee.

Binti yako,
Kunsang

*

Minnesota, 12 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Nauliza kwa kuuliza kweli, maana wiki tatu sasa hujaniandikia. Kama mtandao umekatika, sawa. Kama umenikasirikia kwa lile jibu la "hana", hata hilo niandikie, nikasirikiwe nikijua.

Profesa alinirudisha. "Nilidhani umenichoka," akasema. Mama Hedlund akanipeleka kwa daktari wa nafsi wa chuo, ambaye leseni yake imetundikwa ukutani ndani ya fremu, kubwa kuliko dirisha. Mtu mwema. Aliniuliza habari za utoto wangu saa nzima, wala hakunishika mkono hata mara moja. Nilitoka nikiwa nimeeleza kila kitu na mshipa wangu haujaguswa na mtu. Anasema nina sonona. Nikamwambia kwetu tunauita upepo, akaliandika neno hilo kwenye daftari lake. Akaandika barua, Mama Hedlund akaingiza ruhusa, ndipo nikaacha kemia mara ya pili. Sasa nina krediti tisa na hakuna wa kunigusa.

Lakini ruhusa hii inakwisha na muhula. Daktari anasema yuko tayari kuandika nyingine: nisimamishe masomo yote, nije kukaa nyumbani mpaka nitulie. Nikamuuliza Mama Hedlund. Akaniambia bila kunificha: "Ukienda kwa ruhusa yangu hujavunja kitu. Lakini miezi mitano ikipita unaanza upya, hati mpya na viza mpya, na viza sitoi mimi." Wewe na mimi tunawajua walioomba viza Kathmandu wakarudi mikono mitupu. Nimebakiza mwaka mmoja tu. Anataka jibu kabla ya tarehe 15 Desemba.

Mkojo bado ni mweupe kama maji. Vipovu ni vikubwa, jana nilihesabu kumi na moja. Ulimi umekauka, nalala saa tatu kwa siku. Niandikie kama amchi. Nimepona au bado? Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Binti yako,
Kunsang

*

Lo, 26 Novemba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Mtandao haukukatika. Sikukukasirikia hata kidogo.

Nilikwenda mjini Jomsom. Nilisikia kuna ofisi inayoandikisha waganga, nikaona nikatafute hiyo leseni, nikutumie picha yake, wewe uiweke mbele ya yule mama. Nilimkuta binti wa umri wako, mwenye adabu, akanipa kiti na chai. "Mzee, ulisomea wapi?" Nikasema nyumbani. "Cheti kiko wapi?" Nikasema mwalimu wangu alikuwa baba yangu, na baba hakunipa cheti, alinipa makofi. Akacheka, nami nikacheka. Kisha akasema fomu haina sehemu ya kuandika hayo. Nilirudi nyumbani, na kwa siku nyingi kalamu ilinishinda.

Nimezisoma dalili zako. Umepona. Upepo umetulia. Chukua masomo yako yote, umalize, upate karatasi yako. Huku hakuna kinachokuhitaji. Barabara ni mbaya na baridi ni kali.

Baba yako

*

Minnesota, 3 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo, na asante kwa habari njema. Nimefurahi kusikia nimepona, maana mwenyewe nilikuwa sijatambua.

Kwa kuwa umesema, basi nimekata shauri. Muhula ujao nitachukua masomo matano, nifidie na kemia niliyoiacha. Daktari wa hapa alikunja uso. Nikamwambia daktari wangu mimi ni mkubwa kuliko yeye. Supu ya mifupa nimeiacha, ya nini kwa mtu mzima? Usingizi sasa ni saa mbili, bila shaka nguvu ni nyingi hazitaki kulala. Jana nilitoka nje bila koti na sikujua mpaka Maribel aliponikimbilia nalo akinitukana.

Usiwe na wasiwasi nami.

Binti yako,
Kunsang

*

Lo, 8 Desemba 2023

Kunsang,

Sitaanza kwa salamu, utaniwia radhi. Usichukue masomo matano. Usichukue hata moja.

Nilikudanganya. Vipovu kumi na moja vikubwa, ulimi mkavu, saa tatu za usingizi: hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza asingesema umepona. Nilijua niliposoma mara ya kwanza. Nimetibu watu miaka arobaini na minne. Wapo niliowaambia watakufa, wakafa wakinishukuru. Sijawahi kumwambia mgonjwa uongo mpaka nilipokuandikia wewe, mwanangu wa kumzaa.

Nitakwambia sababu, ingawa hainisafishi. Yule binti wa Jomsom alipokuwa akitafuta mahali pa kuniandika kwenye fomu yake na kukosa, nilikuona wewe. Nikasema huyu wangu atakuwa na karatasi, hata iweje, mtu asimuulize ulisomea wapi akashindwa la kujibu. Nikaitaka karatasi yako kuliko nilivyokutaka mzima. Barua yako niliyoipata jana imeniamsha. Nilitembea mpaka mtoni, nikarudi, sikumbuki nilipita wapi.

Nimekwambia huku hakuna kinachokuhitaji. Huo nao ni uongo. Nakuhitaji mimi. Tangu mama yako atutoke na wewe uondoke, natwanga dawa asubuhi na kuzungumza peke yangu, na Dolkar ameanza kuwaambia watu amchi amerukwa na akili. Kila mgonjwa wa kike anayeingia, kabla hajafunua uso, moyo wangu unaruka. Nina umri wa miaka sitini na saba na nakulilia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nilidhani kutokukwambia ndiyo kukusaidia.

Nenda kwa yule mama mwenye kidole chake. Fuata kila hatua ya kanuni yake, usiruke hata moja. Viza wakikunyima, wamekunyima. Njoo, mwanangu. Njoo nyumbani.

Baba yako

*

Minnesota, 11 Desemba 2023

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole sana kwa safari ya mtoni.

Nilijua. Nimekushikia kinu tangu nina miaka saba, ningekosaje kujua? Masomo matano hayapo, koti nilikuwa nalo, na supu ninayo mbele yangu sasa hivi. Nisamehe kwa kukutia hofu. Tumedanganyana, kila mmoja mara moja, tusirudie.

Barua ya daktari wa hapa ilikuwa tayari tangu Novemba, na Mama Hedlund alinipigia simu kila wiki. "Unasubiri nini, mtoto wewe?" Sikuweza kumwambia. Miaka mitatu umeniandikia nile, nilale, nisome, nivae nguo nzito. Hukuwahi kuniandikia nije. Nikafikiri labda hunitaki bila shahada, na fikra hiyo ndiyo iliyoanza kunipotezea usingizi.

Leo nimetia saini. Ruhusa imeingia, masomo ya muhula ujao yametoka yote, kwa mpangilio huo huo, na Mama Hedlund amenikumbatia akilia kwenye nywele zangu. Kama nitarudi kumaliza sijui. Inaniuma, sitakuficha, na siku moja nitalia kwa ajili ya hilo mbele yako.

Ndege inatua Kathmandu tarehe 22. Jomsom nitafika siku mbili baadaye, barabara ikikubali. Usiandike barua nyingine, Baba. Haitanikuta huku.

Binti yako,
Kunsang