Mwinuaji wa Kona ya Tuta

Alhamisi, 12 Juni

Meza ya kulia haionekani. Kitinda, binti yangu wa mwisho, ametandaza gari lake lote la rimoti hapo — matairi upande wa chumvi, springi kwenye kisahani cha chai, na lile ganda la juu alilolipaka rangi ya chungwa limekaa juu ya redio kama kofia ya bwana harusi. Mzee wangu amekula sahani ikiwa mapajani. Akauliza hilo gari linabeba nini. Kitinda akamjibu halibebi kitu, baba, linakimbia tu. Mzee akasema gari lisiloweza kubeba hata kilo ya sukari ni panya aliyewekewa betri. Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Lakini namjua huyu mwanamume. Kitinda alipokwenda kuoga, nilimkuta ameinama mezani anapuliza vumbi kwenye matairi. Aliponiona akajifanya anatafuta chumvi.

Leo nimewaambia wenzangu wa jikoni pale shuleni kwamba mwanangu ni dereva wa mbio na Jumapili yumo fainali. Fainali bado hajaingia, lakini ataingia, kwa hiyo si uongo, ni kuwahi. Sikusema gari lina ukubwa gani. Hawakuuliza. Mtunza Stoo akashika kifua, akasema, "Mtoto wa kike, kasi yote hiyo, moyo wako unastahimili vipi?" Nikamwambia umezoea.

Na umezoea kweli. Mara mbili Kitinda amekuwa wa nne. Wa nne hapewi kitu, hata mkono wa pole anapewa juujuu. Safari hii watatu wa kwanza wanaingia kwenye timu itakayokwenda kushindana nje ya nchi. Kitindamimba wangu, fundi wa mafriji, apandishwe ndege kwa ajili ya vidole vyake! Nimeshaanza kufikiria nitavaa nini siku ya kumsindikiza.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata cheo. Kila mshindani lazima aje na mtu wa kuinua magari. Rafiki yake Kitinda aliyekuwa afanye kazi hiyo amebadilishiwa zamu kazini. Kitinda akanitazama jinsi mtu anavyotazama mwavuli uliotoboka, na mvua imeshaanza.

"Mama, utaweza kukaa kimya?"

"Nilikaa kimya siku nakuzaa wewe."

Mzee akakohoa kule sebuleni. Hakuna aliyemuuliza.

Basi nimefundishwa kwa vifuniko vya sufuria, sakafuni. Waendeshaji wanasimama juu jukwaani na rimoti zao, hawaruhusiwi kushuka. Gari likipinduka halijiinui lenyewe. Hapo ndipo anapokuja mwinuaji — analigeuza, analiweka likitazama linakokwenda, anatoka njiani. Kila mwinuaji ana kona yake. Gari likilala chali kwenye kona yangu ni langu, liwe la mwanangu au la adui wa mwanangu. Na sitoki kwenye kona yangu mpaka mbio ziishe, isipokuwa mwinuaji wa jirani aniite kwa kunyoosha mkono juu.

"Umeelewa, Mama?"

Nimeelewa. Ni kazi ninayoifanya tangu nilipoolewa, tofauti ni kizibao cha mwinuaji nitakachovaa.

Jumamosi, 14 Juni

Miguu inawaka moto. Lakini lazima niandike, maana nikilala nitasahau nilivyokuwa hodari.

Uwanja wenyewe ni wa udongo, nyuma ya maghala. Njia imepindwapindwa kama utumbo, kando imezuiwa kwa mabomba ya plastiki, na kuna matuta ya kurukia. Pembeni meza za mafundi, nyaya kila mahali, harufu ya gundi. Wanaume wazima, wengine na mvi, wamepiga magoti mbele ya vigari wanavinong'oneza. Nilitaka kucheka, nikakumbuka nimeambiwa nikae kimya.

Nikapewa kona yenye tuta kubwa. Mbio za kwanza tu, gari la kijani likaruka, likalala chali miguuni pangu. Nikaliokota kwa mikono miwili. Nikalipangusa vumbi. Nikaliweka chini vizuri, limetulia — likitazama lilikotoka. Likachomoka kama limetumwa, likagonga mengine mawili yaliyokuwa yanakuja. Mtu mmoja jukwaani akauliza nani amemleta yule mama. Kitinda akawa anatazama mawingu.

Baadaye akaniambia, "Mama, hulipangusi. Unaligeuza tu."

"Lilikuwa chafu."

"Ni gari la mbio, Mama. Litakuwa chafu."

Haya. Kufikia raundi ya pili nilikuwa nageuza magari kama chapati. Jaji — mfupi, filimbi shingoni, sauti ya jogoo — akapita akasema kona ya tuta iko vizuri. Nikamwomba arudie mwanangu asikie. Hakurudia.

Sasa niandike kuhusu Daktari wa Meno. Huyu ndiye aliyekuwa wa tatu mara zote mbili Kitinda alipokuwa wa nne. Ana sanduku la vifaa lenye droo kama duka la dawa. Ana mto wa kupigia magoti. Na amemleta mama yake awe mwinuaji, kona ya jirani na yangu. Viatu vyeupe kwenye udongo ule! Na kiti cha kukunja.

"Wako yupi?" akaniuliza.

"Wa chungwa. Anayeongoza."

"Anaongoza kwa kuwa wangu anabadilisha betri."

"Mwambie asiharakishe, betri ni kitu cha hatari."

Akacheka. Meno safi, sikatai, ana mtu nyumbani. Mimi nilikuja nimejiandaa kumchukia, nimeshindwa. Tumegawana karanga zangu. Akasema goti lake la kulia limestaafu kabla yake, lakini mwanawe hakupata mtu mwingine. "Wiki nzima anang'oa watu meno," akasema, "hakuna anayefurahi kumwona. Wakimwona njiani wanavuka upande wa pili. Hapa ndipo wanapomshangilia." Nikatazama pembeni nikatafuna karanga. Sikutaka kujua hayo. Ukishajua kitu kama hicho kuhusu mtu, kumshinda kunaingia mchanga.

Jioni matokeo yakatoka. Kitinda yumo fainali, ataanza wa pili kwenye mstari. Daktari wa tatu. Nikampigia simu Mzee nikamwambia ni wa kwanza. Kitinda akaninyang'anya simu akasema wa pili, baba. Nikasema mimi nilimpa hesabu ya kesho.

Jumapili, 15 Juni, asubuhi

Kwa kifupi, tunasubiri fainali. Mtunza Stoo amekuja! Gauni la sherehe, kilemba, kitambaa cha kufutia jasho. Akasimama mbali kabisa na njia, karibu na ukuta, akaniita nisogee nisije nikagongwa.

"Magari yako wapi?"

Nikamwonyesha.

Akayatazama kwa muda. "Haya ya maonyesho nimeyaona. Yenyewe yanakuja saa ngapi?"

"Ndiyo yenyewe, dada."

Nikajua kesho jikoni nitakatwakatwa pamoja na vitunguu. Halafu la Kitinda likapita kwenye mazoezi, likaruka tuta, likatua kwa magurudumu yote manne kwa mpigo mmoja. Mtunza Stoo akashika kifua. "Huyo ndiye wako?" Huyo ndiye wangu.

Sasa Mtunza Stoo yuko kwenye ukingo wa njia. Jaji ameshamwonya mara mbili asogee nyuma.

Kitinda hali kitu, hanywi. Ananyoosha vidole tu, kimoja kimoja. Nikitaka kumwambia neno ananiangalia, nami nalimeza.

Jumapili, mchana

Niko kwenye benchi nje ya hema la majaji. Naandikia gotini, mwandiko utakuwa mbaya, basi.

Fainali ilianza vizuri. Kitinda wa pili, kabana kabisa nyuma ya wa kwanza. Daktari wa tatu. Spika inataja majina na mizunguko, mimi kwenye kona yangu nimeinua magari ya watu wawili bila hata kuyapangusa. Mizunguko ya mwisho, Kitinda akajaribu kupita kwa ndani. Akagusa bomba. Gari likabiringika — likalala chali kwenye kona ya jirani, ya mama yake Daktari.

Mama Daktari akaanza kuinuka kwenye kile kiti chake. Mikono yote miwili kwenye goti. Akainama kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Na magurudumu ya mwanangu yanazunguka hewani.

Sijui miguu yangu iliniomba ruhusa lini. Nilijikuta nimeruka mabomba, nimeligeuza, nimeliweka likitazama linakokwenda. Likaondoka. Nikafurahi sekunde hiyo moja, Mungu anisamehe, kama sijawahi kufurahi. Kisha nikasikia mtu jukwaani anapiga kelele: "Mwinuaji! Kona ya tuta! Mwinuaji!"

Nikageuka. Kwenye kona yangu, pale pale chini ya tuta, gari la Daktari limelala chali kama mende. Hakuna mtu. Maana mtu wa pale alikuwa mimi.

Nikakimbia nikaligeuza. Lakini watu walikuwa wameshampita. Filimbi ikalia. Kitinda wa tatu, Daktari wa nne. Mtunza Stoo akanirukia, kilemba kikaanguka, tukapiga kelele wote wawili — na katikati ya kelele spika ikasema matokeo ya fainali yamesimamishwa.

Jaji ametueleza kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha. Mama Daktari kama aliniita kwa kunyoosha mkono, mimi nilikuwa sahihi kutoka kwenye kona yangu, na matokeo yanabaki. Kama hakuniita, basi nilimsaidia mwanangu na kumwacha mwingine. Kitinda anakatwa mzunguko mmoja. Anakuwa wa nne. Daktari anapanda ndege.

Alichukuliwa Mama Daktari kwanza. Alikaa huko ndani mpaka nikamaliza kucha za mkono mmoja. Alipotoka nikamuuliza kwa macho. Akasema, "Wamenikataza kusema." Akapita.

Nikaingia mimi. Meza, daftari, majaji watatu. Yule mwenye sauti ya jogoo akauliza, "Mama, mwenzako alikuita?"

Swali dogo namna hiyo. Mimi ninayesimamia jiko zima kwa mdomo mtupu. Mimi ambaye nimewahi kumwambia mkaguzi wa afya kuwa panya aliyemwona ni wa jirani. Nikafungua mdomo. Nikasema naomba maji kwanza.

Wakanipa chupa, wakasema nikanywe nje, nipumzike, nirudi. Ndiyo hii.

Kitinda amekuja. Amesimama mbele yangu na gari lake kwapani, la chungwa, udongo mtupu.

"Mama, alikuita?"

"Nakunywa maji."

"Sikukuuliza unafanya nini."

Akakaa. Akaanza kuondoa udongo kwenye springi kwa ukucha.

"Kuwa wa nne ninakujua," akasema. "Nimekwenda huko mara mbili na nikarudi, unaona niko hapa. Lakini nikipanda hiyo ndege, Mama, nataka niwe nimepanda mimi."

"Lakini lilikuwa limelala chali, mwanangu. Na yule anainama kama—"

"Najua. Nilikuwa juu, naona kila kitu."

Naona kila kitu. Basi ameona na ile mikono miwili kwenye goti. Angeweza kwenda kuwaambia mwenyewe. Hakwenda. Ameondoka zake kwenda kufungasha betri, hata hakugeuka kuona kama namtazama.

Nusu ya chupa imekwisha.

Daktari naye amepita. Nikajiandaa, nikasema sasa naambiwa. Akainama, akasema, "Shikamoo, mama. Samahani nilikupigia kelele pale. Ni joto la mashindano." Mikono yote miwili mbele, kama mtoto wa shule. Nikaitikia marahaba. Afadhali angenitukana, ningejua pa kushika.

Mtunza Stoo kule mbali ananionyesha dole gumba. Nimejifanya sijamwona.

Mama Daktari amekuja na kiti chake, amekikunjua hapa kando ya benchi. Viatu havina weupe tena. Anakanda goti. Sikumuuliza alisema nini, naye hakuniambia. Kama alisema aliniita, amemtoa mwanawe. Kama alisema hakuniita, alisema kweli, nami nikisema aliniita nitakuwa nimemfanya mwongo mbele ya watu watatu na daftari. Nimempa karanga zilizobaki. Amezichukua.

"Wewe nawe umeomba maji?" akaniuliza.

"Nimeomba."

"Kunywa polepole. Mimi nilikunywa chupa mbili."

Jaji ametoa kichwa kwenye hema. Nimemwonyesha chupa. Bado ina maji kidogo.