Muhuri wa Ukurasa wa Tatu

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Kile kikohozi ulichoondoka nacho Januari kimekuacha, au bado mnaishi pamoja? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la Bibi, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Anakusalimu na anasema uache kulala na dirisha wazi.

Mama, nina habari nzuri. Jumatatu redio ilitangaza kwamba yule jaji wa hapa kwetu, Mheshimiwa uliyekuwa ukimfanyia kazi masijala, amependekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Nilipiga kelele mpaka Bibi akamwaga chai.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Bibi. Bosi wa Mama anapanda cheo!"

Bibi akaenda kutafuta kitambaa cha kufutia.

Kamati inayowachunguza waliopendekezwa imetangaza gazetini kwamba raia yeyote mwenye la kusema juu yake, zuri au baya, aandike ndani ya siku ishirini na moja. Mwalimu wetu wa lugha alilibandika tangazo hilo ubaoni, akasema tutalitumia kujifunza barua rasmi. Wenzangu waliandika kwamba Mheshimiwa ni mtu mwadilifu, na Mwalimu akawaandikia pembeni, "Umejuaje?" Mimi peke yangu nilikuwa najua. Nilipata kumi na nane kwa ishirini. Mbili nilikatwa kwa kuandika "sana" mara sita. Nakunakilia sehemu ambayo Mwalimu aliipenda:

"Nakumbuka Jumamosi moja nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Mama yangu alikuwa ametumwa bohari kuleta majalada. Mheshimiwa aliingia masijala na karatasi mkononi, akaniita karani mdogo. Alichukua muhuri wa tarehe, akanionyesha jinsi ya kuvirudisha nyuma vigurudumu vyake, kisha akaniacha nigonge mwenyewe kurasa tatu. Ya tatu niliigonga kichwa chini. Hakunikaripia. Alicheka, akasema mkono wangu hautetemeki, akanipa penseli nyekundu. Mtu mkubwa anayempa mtoto kazi ya kweli ni mtu mwema."

Niliiposti Jumatano. Sikuomba chochote, kwa sababu Mwalimu anasema barua ya maoni si barua ya maombi. Ila nilimalizia kwa kutaja kwamba Mheshimiwa aliwahi kuwa na karani hodari ambaye sasa yuko mbali na mwanawe. Huenda akaisoma, akakumbuka.

Nimepiga hesabu, Mama. Ni miaka mitano tangu uhamishwe, na kila mwaka tunakupata siku kumi za Desemba. Hizo ni siku hamsini. Sweta yako ya kijani ingali kwenye msumari nyuma ya mlango. Bibi alitaka kuifua nikamkatalia. Bado ina harufu yako kidogo, hasa kwenye kola.

Mwanao akupendaye,
Chiriku

17 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha. Mwambie Bibi dirisha nimelifunga.

Barua yako imenifikia leo na ninakujibu nikiwa bado nimesimama. Je, barua ile uliiposti kweli, au unasema tu kwa kuwa ulikusudia? Uliandika jina lako na la shule? Maneno ya muhuri yalibaki kama ulivyoninakilia?

Usimweleze mtu habari hizo tena, hata Mwalimu. Akija mtu kukuuliza, mwambie utamuita Bibi kwanza.

Hujafanya kosa. Nakuandikia maneno haya tena, uyasome mara mbili: hujafanya kosa.

Mama yako

25 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mimi silali vizuri.

Ndiyo, niliiposti kweli. Ndiyo, jina langu, la shule na lako. Ndiyo, yalibaki.

Na mtu amekuja. Ni mama mmoja, katibu wa Kamati, mwenye viatu vya kamba kama vya kiume na mkoba uliojaa mafaili. Alinikuta chumba cha walimu. Nilidhani amekuja kunipongeza, nikasimama wima kama kwenye gwaride. Nikamwambia kwamba napaswa kumuita Bibi. Akasema, "Vizuri. Umelelewa. Na mimi sitakuuliza hata swali moja mpaka mama yako aseme ndiyo kwa maandishi. Wewe ni mtoto, na barua yako ni nzito." Kisha akauliza kama ile penseli ninayo bado, akajikatiza mwenyewe: "Hapana, hilo nalo ni swali. Nisamehe."

Tangu siku hiyo Mwalimu haniangalii usoni. Jana aliniambia kwa sauti ya chini kwamba angekuwa amesoma barua yangu kama msomaji na si kama msahihishaji, asingeniruhusu kuituma.

Na juzi nilipompelekea baiskeli yule fundi wa kando ya ukuta wa shule, yule mwenye ulimi wa wembe, alinisonya bure: "Nasikia unamsifu jaji. Msifu, mwanangu. Wewe una paa." Nilikasirika. Nilimfanyia nini mimi?

Mama, unasema sikufanya kosa, lakini kila mtu ananitazama kama niliyevunja kitu. Niambie nimevunja nini.

Mwanao,
Chiriku

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Nina siku kadhaa na barua yako mfukoni. Kaa chini kabla hujaendelea, na kama Bibi yupo akae nawe. Sehemu ya haya anayajua.

Mtu akishindwa kesi ana siku thelathini za kukata rufaa. Siku ya thelathini na moja mlango umefungwa, na anayeufunga si jaji, ni karani wa masijala. Karatasi inaingia, karani anagonga tarehe, anaiandika katika daftari, basi. Hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Fundi wako mwenye ulimi wa wembe alikuwa na kibanda cha mabati pale penye ghala sasa. Mwenye ghala alikitaka kiwanja, wakaenda mahakamani, fundi akashinda. Mwenye ghala akachelewa kukata rufaa kwa siku tisa. Jumamosi ile nilitumwa bohari kuleta majalada ambayo hakuna aliyeyahitaji. Niliporudi nilikuta vidole vyako vina wino, ukaniambia Mheshimiwa amekuchezesha. Nikacheka. Jumatatu nikaikuta rufaa ya mwenye ghala mezani pangu, imegongwa tarehe ya siku kumi na moja nyuma, ukurasa wa tatu kichwa chini. Sikucheka tena.

Aliniamuru niiingize katika daftari. Nikakataa. Ijumaa nikapewa barua ya uhamisho. Rufaa ikasikilizwa bila daftari, na fundi akanyang'anywa kiwanja.

Sikusema kitu. Ningesema, wangeuliza mkono ni wa nani. Wangeuliza pia kwa nini karani aliacha muhuri nje ya kabati, na mtoto chumbani. Hilo lilikuwa kosa langu na bado ni langu. Nikajiambia ninakulinda. Labda nilikuwa ninajilinda na mimi.

Fundi amekuwa akilalamika miaka yote kwamba tarehe ile ni ya uongo. Aliandikia Kamati pia. Lalamiko lake na sifa zako zimefika meza moja.

Sasa sikiliza. Alhamisi dereva wa Mheshimiwa alikuja hapa, safari ya siku nzima. Akasema, "Mheshimiwa anakusalimu. Anasema binti yako ana kipaji cha kutunga hadithi." Akaweka mezani fomu ya uhamisho wa kunirudisha nyumbani, imejazwa, imetiwa saini, imebaki sahihi yangu tu. Nikiandika kwamba ulitunga, mwisho wa mwezi niko nyumbani na wewe. Pembeni yake kuna karatasi ya Kamati, ya ridhaa, ili barua yako isomwe na mimi nihojiwe. Katibu amenieleza wazi kwamba Mheshimiwa naye atapewa nafasi ya kujibu, na kwamba hawezi kuniahidi chochote.

Nilikuamulia mambo mengi bila kukuuliza. Hili ni la mkono wako. Niambie unataka nini, na usinifikirie mimi.

Mama yako

14 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bibi anasema alijua tangu alipomwaga ile chai. Goti lake linaendelea vizuri.

Barua yako niliisoma nyuma ya maktaba. Ile penseli nyekundu imebaki fupi kama kidole gumba. Unajua huwa naitumia kwa nini? Kukata siku kwenye kalenda, kungojea Desemba.

Nilikwenda kwa fundi. Nilisingizia kwamba mnyororo unateleza.

"Karani," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita kwa ajili ya kazi yako, "mnyororo huu umeuchosha wewe. Unaendesha kama unafukuzwa na nyuki."

"Fundi, pale penye ghala palikuwa na nini zamani?"

Hakuinua kichwa. "Palikuwa na mimi."

"Na hukuwaambia kwamba tarehe si ya kweli?"

"Barua saba! Jibu ni lile lile: muhuri wa mahakama haudanganyi." Akazungusha pedali, akasikiliza gurudumu. "Haya, umepona. Kimbia, mvua inakuja na mimi sina bati la kukukinga."

Nilisimama pale nikataka kumwambia kila kitu, nikashindwa. Mvua ikanyesha. Alifunika spana zake kwa turubai, yeye mwenyewe akabaki analowa.

Umesema nisikufikirie wewe. Mama, hilo siliwezi. Nakufikiria wakati wa kufunga kamba za viatu. Kwanza niliandika barua yenye neno moja tu, "Njoo," nikaifunga kwenye bahasha, nikalala nayo. Asubuhi nikaifungua. Ukija kwa ile fomu, kila siku nitapita kwa fundi nimeinamisha kichwa, na wewe utakuwa umeandika kwa mkono wako kwamba mimi ni mwongo. Najua ungefanya kwa ajili yangu. Ndiyo maana nakuomba usifanye.

Tia saini karatasi ya Kamati. Mwambie katibu penseli ninayo.

Mwanao,
Chiriku

23 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ni siku thelathini na tisa tangu nikuandikie, na sijapata jibu lako. Nilidhani umenikasirikia, mpaka jana, tulipokusikia.

Shule ilituruhusu wanaotaka tusikilize usaili redioni, chumba cha walimu. Bibi alikuja na kiti chake mwenyewe, anasema viti vya shule ni vya adhabu. Fundi naye alikuja, akasimama mlangoni na mikono ya grisi, akakataa kuingia.

Mheshimiwa alisema hamkumbuki mtoto yeyote. Alisema kwa upole, kwa sauti ile ile aliyoniambia mkono wangu hautetemeki. Alisema watoto wenye vipaji huchanganya walichoona na walichotamani. Kwa dakika moja nilimwamini, Mama. Nilianza kufikiri huenda kweli nilitunga.

Kisha wakakuita wewe. Tangu Januari sijasikia sauti yako. Ulikohoa kwanza, Bibi akasema, "Si nilisema dirisha!" Walipokuuliza ni nani aliyegonga, ulisema: "Ni mwanangu, alikuwa na miaka tisa. Mkono ulikuwa wake. Tarehe haikuwa yake. Na muhuri niliuacha wazi mimi." Sauti yako haikutetemeka. Mimi nilishika kiti cha Bibi.

Mwenyekiti akaomba jalada. Tukasikia karatasi zikifunuliwa, moja, mbili. Halafu hatukusikia kitu. Mwalimu alidhani redio imekufa, akaigonga ubavuni. Mwenyekiti akasema, "Mheshimiwa, tafadhali tusomee tarehe hii. Itabidi uigeuze karatasi."

Fundi aliondoka mlangoni. Baadaye nilimkuta ameketi juu ya sanduku lake la spana, hafanyi kazi. "Kwa hiyo ulikuwa wewe," akasema. Nikasema ndiyo, na nikaomba radhi. Akafuta mikono kwenye suruali. "Lete hiyo baiskeli," akasema. "Breki zako hazinipi raha."

Gazeti la leo linasema Kamati imeliweka kando jina la Mheshimiwa mpaka uchunguzi wa jalada lile ukamilike. Juu ya karani halisemi kitu. Wamekufanya nini, Mama? Bado una kazi? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Chiriku

11 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua hii siiposti. Nitaiweka juu ya mto wako.

Leo barua yangu ya mwezi uliopita imerudi, haijafunguliwa. Tarishi alinipa kwa huruma, kama anayeleta habari za msiba. Mbele imeandikwa, "Mpokeaji amehama kituo." Nilidhani wamekupeleka mbali zaidi, mahali ambapo hata barua hazifiki.

Kisha nikautazama muhuri wa mahakama yenu chini ya maandishi hayo. Ni wa tarehe tano. Umegongwa vizuri, wino umeenea, hakuna alama ya kuteleza. Umegongwa kichwa chini.

Mama, wewe hujawahi kugonga muhuri kichwa chini maisha yako yote. Huu umenigongea mimi makusudi, nijue kwamba barua imetangulia na wewe unafuata.

Nilimkimbilia Bibi. Akaigeuza bahasha, akaigeuza tena, akacheka mpaka akashika goti. Nikamuuliza, "Bibi, ni uhamisho au wamemfukuza?" Akasema, "Akija tutamuuliza," akaenda kutandika kitanda chako.

Siku ya safari, ukichanganya na mabasi ya kubadilisha, na ukiondoka baada ya kukabidhi ofisi: huenda kesho, huenda Ijumaa. Kalenda nimeiacha. Penseli anayo katibu.

Sweta ya kijani nimeifua, imeanikwa uani, na imeshakauka mikono. Sasa haina harufu yako tena, kwa hiyo usichelewe.

Mwanao,
Chiriku